Mnyororo Uliooshwa kwa Majivu

Mwili wa Tamar ulikuwa umeegemea mlango wa kanisa, kama mtu aliyechoka kubisha.

Inspekta Paulin Lusenge alipanda ngazi polepole. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita. Nyuma yake, chini ya mikaratusi, waumini wa Parokia ya Mtakatifu Monika walisimama. Alikuwa amewapita mmoja mmoja, na hakuna aliyemsalimu.

Alikwisha kuzoea. Tangu vita vianze, mji wa Butembo ulikuwa umebadili wakubwa mara nyingi kuliko yeye alivyobadili viatu. Kila mkubwa mpya alimkuta Lusenge kituoni, kwenye meza ile ile, akachomoa picha ya mtangulizi wake ukutani na kutundika yake. Kwa watu wa Mususa, mtaa wa kanisa hili, polisi wa namna hiyo hana kwao. Mkewe na watoto walikuwa ng'ambo ya mpaka, Kasese. Nyumbani alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja, na bado ulikuwa unabaki.

Alichuchumaa. Jeraha la risasi lilikuwa mgongoni, kati ya mabega. Maganda ya risasi yalikuwa kule chini barabarani, mahali ambapo watu wenye bunduki walipita wakiteremka kutoka mlimani, wakapora maduka na kwenda zao. Kila mtu alijua sare waliyovaa. Hakuna ambaye angeitaja.

Msichana alikuwa amevaa kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano. Upande wa kiuno kilikuwa kimechanika. Lusenge akafungua viganja vyake kwa upole. Vilikuwa vyeusi kwa mafuta mazito ya gari.

Akatazama mlango. Mipini yote miwili ya chuma ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Akasukuma upande ambao mwili haukuuegemea. Mlango ukafunguka bila shida.

Ndani kulikuwa na vumbi tupu. Maua ya altare yalikuwa yamekauka, na buibui alikuwa ametandaza utando wake kutoka benchi hadi benchi. Hapakuwa na alama hata moja ya mguu sakafuni. Mlango wa nyuma ulijengewa matofali tangu kanisa liporwe katika vita vya kwanza. Hii ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuingia.

Akamwita mwanamke aliyekuwa karibu zaidi. Ni Kanyere, mwenye kuongoza kwaya.

"Mama Kanyere, ulikuwa hapa?"

"Sisi bote tulikuwa hapa. Kengele ililia, tukakimbia. Ni vile tunafanyaka tangu vita vianze. Ukisikia kengele, unakuja ku kanisa."

"Mkakuta nini?"

"Mulango ya kufungwa."

"Na nani?"

"Na ule padri mupya. Nani mwingine?"

"Ulimwona akifunga?"

"Hapana. Lakini alisema ku baraza yake, tukasikia bote: 'Kanisa munalifunga, siku moja mutalitafuta.' Haya, tumelitafuta."

Lusenge alikijua kisa hicho, kama mji wote. Askofu alikuwa amemhamishia Mutwanga padri wao wa zamani, Abbé Kamate, mzee aliyekimbia nao porini na kurudi nao, aliyebeba nao matofali ya kanisa hili kichwani. Waumini hawakuulizwa. Siku Abbé Ézéchiel alipofika kutoka Beni kushika nafasi yake, alikuta wamefunga kanisa kwa mnyororo. Tangu hapo hapakuwa na misa.

"Na mnyororo wenu, mama?"

"Tuliutoa tangu Ijumaa."

"Nani aliutoa?"

Macho ya Kanyere yalikimbilia mikaratusi. "Parokia."

"Parokia haina mikono."

"Ya kwetu iko nayo."

"Kama mliutoa Ijumaa, mbona hakuna mmoja wenu aliyeingia kusali? Vumbi halijakanyagwa."

Kanyere akafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Nyuma yake wanaume walikuwa wameanza kuokota mawe.

*

Abbé Ézéchiel alikuwa chumba cha kulia cha nyumba ya mapadri. Juu ya meza ya chakula palikuwa na kikombe cha misa, mshumaa na paka aliyelala.

"Nasomeaka misa hapa," padri alisema. "Huyu paka ndiye anaitikaka." Alikuwa kijana, ndevu hazijamkubali vizuri. Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Nani alipiga kengele?"

"Ni miye. Andika hiyo. Ni miye niliwaita."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, chuma cha gurudumu, iliyoning'inizwa kwenye mti. Ile ya shaba ilikwenda na waporaji. Kutoka pale hadi mlango wa kanisa ni umbali wa kumwita mtu akasikia.

"Na nani alifunga mlango?"

"Munyororo yao."

"Wanasema waliutoa Ijumaa."

"Jana bado niliusikia unagonga mbao kwa upepo. Unene wake ni kama ile banafungaka ku pneu, ku magurudumu ya lori, wakati wa matope. Mweusi, mafuta matupu."

"Basi ulijua kanisa limefungwa. Kwa nini uliwaita?"

Padri alimpapasa paka. "Abbé Kamate, mbele ya kuondoka, aliniachia neno moja tu. Hakuwa na furaha ya kuniona, lakini aliniachia: ukiona hatari, piga kengele, watakuja. Niliona bale batu banashuka mulima. Nikajisemea, mwenye ufunguo atasikia, atakimbia mbele ya bote. Si mwenye ufunguo anakimbiaka mbele?"

"Ni nani huyo?"

"Wangeniambia miye? Hata chumvi hawaniuzii."

Jiwe la kwanza likavunja kioo. Lusenge akamshika padri mkono, akamtoa kwa mlango wa jikoni, akampeleka mahabusu. Ilikuwa njia pekee ya kumlinda. Lakini kwa watu wa Mususa, padri aliyepelekwa mahabusu ni padri aliyepatikana na hatia, na usiku huo waliimba.

*

Komanda wa waasi walioshika mji alikuja kituoni asubuhi, miwani ya jua usoni ingawa jua halikuwepo.

"Jumapili nampandisha ule padri gari ya Beni. Gereza la jeshi litamungojea."

Lusenge alijua gereza lile. Watu walikuwa wanaingia na majina yao, nguo zao tu ndizo zilirudi.

"Komanda, risasi haikutoka kwa padri."

"Tika makambo, Inspekta, acha maneno." Komanda akatabasamu. "Risasi haina jina. Mulango iko na jina. Batu banataka mutu, tunawapa mutu. Ama unataka nitafute mwenye risasi? Nitafutie wapi? Kwangu?"

Akatoka. Lusenge akabaki na picha ya mkubwa ukutani. Alikuwa na muda hadi Jumapili. Kama hangempata aliyekuwa na ufunguo, kijana aliyekuwa akimsomea paka misa angekufa kwa kosa la kuwaonya watu.

Wakamzika Tamar mchana huo. Kwenye matanga, ua wa baba yake ulijaa. Watu walipokezana kumlaani padri, kila mmoja kwa zamu, kama litania. Mtu mmoja tu hakumlaani: baba mwenyewe.

Mzee Mathe alikuwa katekista. Nusu ya Mususa walijifunza kwake ishara ya msalaba, Lusenge pia. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa parokia, na yeye ndiye aliyemwambia mjumbe wa askofu usoni: "Tulijenga sisi, tutafunga sisi." Sasa alikaa kwenye kigoda karibu na moto, viganja vimeelekea juu magotini. Vilikuwa vimechubuka, vyeupe, kama vya mtu aliyefua siku nzima.

"Pole, mwalimu."

"Asante, mwanangu Paulin."

Lusenge alishtuka. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwite kwa jina hilo katika mji huu.

"Ulikuwa wapi kengele ilipolia?"

"Ku shamba la maharagwe. Ng'ambo ya kijito."

"Uliisikia?"

Mzee akatazama moto. "Upepo ulikuwa unapeleka kule."

"Nani alikuwa na ufunguo wa mnyororo?"

"Si walikuambia? Tuliutoa Ijumaa." Alilisema kama mtoto anayerudia somo asilolielewa.

Kesho yake Lusenge aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. "Ameenda Beni," Kanyere alisema. "Kuita wajomba." Lusenge akaona ni haki yake. Akashinda siku hiyo akiuliza Mususa yote juu ya mnyororo wa magurudumu. Hakuna aliyekuwa nao. Mususa watu wana vyerehani na mikokoteni. Minyororo ya namna ile ni ya malori yanayopambana na matope ya barabara ya Mutwanga.

Hapo ndipo akakumbuka: Abbé Kamate na vitu vyake walipelekwa Mutwanga kwa lori. Lori la Daudi, msafirishaji wa Beni.

*

Alipanda pick-up ya kwenda Beni, katikati ya magunia. Kwenye kila kizuizi abiria waliteremka, wakaonyesha vitambulisho, wakapanda. Walipomwona ni polisi, wakaacha kuongea. Alisafiri hivyo njia nzima, amebanwa na watu pande zote na hakuna aliyekuwa naye.

Daudi alikaa mtaa wa Beni uitwao komuni ya Ruwenzori, nyumba yenye ua mpana uliojaa vyuma. Alikuwa mtu mnene, Mwislamu wa ukoo wa wasafirishaji, na alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Inspekta wa Butembo! Unanikamata juu ya nini?"

"Juu ya chai."

"Basi umefika ku gereza," mkewe Hadjara alisema kutoka jikoni. "Mutu akiingia kwa chai yangu hatokaka haraka."

Lusenge alicheka, akashangaa kusikia sauti yake ikicheka. Akanywa kikombe, kisha akauliza.

"Daudi, uliwahi kuazima mtu mnyororo wa magurudumu?"

Daudi akampiga begani. "Ule! Njoo uone ajabu."

Ukutani ilining'inia minyororo mingi, myeusi kama majongoo. Katikati yake mmoja uling'aa kama kijiko cha harusi.

"Miaka yote niko namuomba huyu bwana anawe mikono mbele ya kula," Hadjara alisema akifuata na birika. "Kumbe kuko mutu anaoshaka munyororo! Tena kwa majivu. Nusa."

"Nani?"

"Mzee Mathe wa kwenu," Daudi akajibu. "Nilimuachia siku tulibeba vitu vya Abbé Kamate. Alisema ni ya kufunga kanisa. Nikamuambia kama baba yangu: Tata, hii ni ya kutoa gari mu matope, haikutengenezwa ya kumufungia Mungu nje. Akanicheka. Na Alhamisi akaurudisha, amebeba mwenyewe mu mfuko. Nikamuuliza: muko mu matanga, unaacha kilio juu ya munyororo? Akasema, kitu cha mutu kinarudiaka. Akakataa hata maji."

Lusenge akausogelea ule unaong'aa. Mtu mwingine angeutupa mnyororo mtoni, na kesi ingezama nao. Mathe hakuweza. Alikuwa amefundisha amri ya saba, Usiibe, kwa watoto wa watu maisha yake yote, na hata katika siku ile hakuweza kupoteza cha kuazima.

Akaushusha, akapitisha kila pete vidoleni. Majivu yalikuwa yametoa mafuta na damu. Lakini kwenye kiungo kimoja kilichopinda, ndani kabisa, palikuwa na uzi umenasa. Akauvuta kwa ncha ya kisu. Kipande kidogo cha kitambaa cha bluu, na juu yake bawa la ndege wa manjano.

Hadjara akaweka birika chini. "Inspekta," akauliza taratibu, "ule mutoto aliyekufa alikuwa wa nani?"

"Wa Mathe."

"Ya Allah," Hadjara akasema, akakaa juu ya gurudumu.

*

Jumamosi alasiri Lusenge alivuka kijito. Alisimama kwanza pembezoni mwa shamba, akasikiliza. Ng'ambo, karibu na kanisa, mwanamke alikuwa anaita mbuzi wake. Kila neno lilifika.

Mathe alikuwa amekaa kwenye tuta, katikati ya maharagwe. Lusenge akafungua mfuko, akalaza mnyororo kwenye majani mbele yake, kisha akakaa chini kando yake, kama zamani darasani.

"Mwalimu, kengele inasikika hapa."

"Inasikika."

"Uliisikia."

"Niliisikia vizuri." Mzee aliingiza mkono shingoni, akatoa kamba. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mwishoni, pale ambapo wengine huvaa medali ya Bikira Maria. "Ufunguo ulikuwa hapa. Haukutoka hapa siku ile yote."

"Kwa nini hukukimbia?"

Upepo ulipita juu ya maharagwe, ukarudi.

"Nilidhani ni ujanja wa padri. Nikasema, ule kijana amechoka kusoma misa na paka, sasa anapiga kengele ya hatari ili tukuje mbio na ufunguo, tufungue, akishaingia hatoki tena. Nikasema: leo hanipati. Na nikakaa chini. Hapa hapa. Unasikia, Paulin? Sikukawia njiani. Nilikaa chini. Nikang'oa majani kidogo."

"Halafu?"

"Halafu bunduki."

Mzee akagusa mnyororo kwa kidole.

"Nilikimbia mbio. Nilipofika, batu walikuwa wamesambaa mu migomba. Yeye peke yake alikuwa ku mulango. Kitenge chake kilikuwa kimenasa mu munyororo, nikakipasua. Nikafungua kufuli, nikauficha munyororo mu gunia ya maharagwe. Sijui kwa nini. Mikono ilifanya. Kanyere alinifikia wa kwanza." Akaushika ufunguo kiganjani. "Kanyere aliniambia vile ilikuwa. Walimuita: Tamar, kimbia, hapafunguki! Alikuwa anavuta munyororo kwa mikono miwili. Akajibu: 'Tata iko nakuja na ufunguo.'"

Ng'ambo mwanamke aliacha kuita mbuzi.

"Ni miye nilimufundisha," Mathe akasema. "Akiwa mudogo hivi. Ukisikia kengele, kimbilia kanisani, hautapata ubaya. Yeye aliamini kengele. Miye mwalimu, hapana."

"Na padri?"

"Watu walisema ni padri mbele nifungue kinywa. Walisema ili wasiseme ni sisi. Bote walinyoosha mukono siku tulikubaliana kufunga. Nikanyamaza. Kunyamaza ni rahisi, mwanangu. Ni kama kukaa chini."

"Kesho Komanda atampeleka Beni."

"Najua. Ndiyo maana nilikungojea hapa. Kule nyumbani wangenizuia." Akaivua kamba kichwani, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Lusenge, kisha akafunga vidole vyake juu yake. "Andika yote. Jina langu lianze."

Hakumtia pingu. Walivuka kijito pamoja, mzee mbele, mpelelezi nyuma amebeba mnyororo.

Usiku ule Komanda alisoma maelezo mara moja, akayarudisha mezani. "Muzee na mutoto wake. Hii haina faida kwa mutu," akasema, na akasahau kumtaja padri tena. Kuhusu risasi, faili ilibaki na ukurasa mweupe. Lusenge aliuacha makusudi. Alitumaini kwamba siku moja, chini ya mkubwa mwingine ama bila mkubwa yeyote, mtu atauona na kuuliza kwa nini.

Abbé Ézéchiel alipotolewa, aliomba kitu kimoja: bisibisi.

*

Jumapili asubuhi Kanyere alikuja kituoni na sufuria ya viazi na maharagwe. Hakumtazama Lusenge, lakini alikuwa na sahani mbili.

"Bibi za jirani walisema nisilete," alisema. "Nikasema, mukono yangu nayo ilinyooshwa siku ile. Ya kwenu je?" Akaketi kwenye benchi. "Inspekta, ule padri ameng'oa mulango. Yote miwili. Aliilaza chini ya mikaratusi. Anasema kanisa lake halitakuwa na ufunguo wa mutu."

Lusenge aligawa chakula, sahani moja yake, moja akampitishia Mathe kati ya vyuma. Walikula wote wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa muda mrefu kula na mtu.

Ndipo kengele ikalia.

Mathe aliweka sahani chini. Mkono wake ukapanda shingoni wenyewe, ukatafuta kamba, haukuikuta. Ufunguo ulikuwa mezani, umefungwa karatasi, kielelezo pamoja na uzi wa bluu.

"Paulin. Unasikia?"

"Nasikia, mwalimu."

"Miye pia."

Lusenge akainuka, akafungua mahabusu, akaiacha wazi. Walitoka. Njiani watu waliokuwa wanaelekea kanisani waliwapisha. Hakuna aliyetupa jiwe, hakuna aliyewasalimu. Mbele, Abbé Ézéchiel aliendelea kupiga rimu ya lori kwa chuma, jasho likimtiririka, kama mtu asiyeamini bado kwamba wanakuja.

Kwenye ngazi, mahali palipooshwa damu, Mathe akasimama. Watu wote nyuma yake wakasimama pia. Akanyoosha mkono mahali mlango ulipokuwa, akapapasa, kushoto na kulia, kama mtu aliye gizani.

Akakuta upepo tu. Akaingia.

Lusenge akamfuata, akakaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Baada ya muda kidogo Kanyere akapita, akatazama pande zote, kisha akamwambia kwa ukali:

"Sogea, Paulin."

Akasogea.